Bakuli nililoliweka mezani

Mwanangu alivua jezi ndani ya daladala. Ilikuwa Jumapili, Novemba 5, 2023, giza limeshaingia, tumetoka Uwanja wa Benjamin Mkapa kuangalia Simba na Yanga, tunaelekea Mbagala kwa dada yangu tulikofikia. Alikuwa na miaka tisa. Ndani alivaa fulana nyeupe, basi ile nyekundu akaikunja taratibu, akaisukuma mpaka chini kabisa ya begi, chini ya sweta na chupa ya maji, akafunga zipu. Hakulia. Kondakta alikuwa Yanga. Kila akitaja kituo ananyoosha vidole vitano nje ya dirisha, na nusu ya abiria wanamwitikia. Mwanangu aliangalia miguu yake njia nzima. Karibu na kushuka akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mama, baba atatuletea bakuli?"

Mengine ya siku ile ningeweza kuyasahau. Swali hilo sijalisahau.

Mimi ni mama muuza vitenge Morogoro mjini, shabiki wa Simba tangu nikiwa mtoto, kwa sababu baba yangu alikuwa Simba. Pale sokoni wananiita Mama Mnyama. Naandika kwa ajili ya wenzangu waliozoea makombe halafu ghafla yakakatika, wa Simba au wa timu yoyote. Nilifanya makosa mengi katika misimu ile, mengine yamenigharimu fedha, mengine yamenigharimu watu. Kama kuna mmoja atakayeepuka hata moja, nitashukuru.

Lazima nianzie kwenye neema, maana matatizo yangu yalianzia huko.

Kabla ya 2018 tulikaa misimu mitano bila ubingwa wa ligi. Tulizoea. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasikiliza mpira redioni, tukifungwa anazima redio anakwenda kuswali, tukishinda anazima redio anakwenda kuswali. Halafu ikaja 2017/18 tukabeba. Tukabeba na 2018/19, na 2019/20, na 2020/21. Misimu minne mfululizo. Na Afrika nako tukaanza kuheshimika: robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019, robo fainali tena 2021. Al Ahly, klabu yenye makombe mengi kuliko zote barani, ilikuja Dar es Salaam Februari 2021 ikalala bao moja la Luis Miquissone. Nilikuwa uwanjani siku ile. Tulikuwa na msemo: kwa Mkapa hatoki mtu. Niliuamini kama ninavyoamini kwamba kesho jua litatoka.

Wakati huohuo nyumbani mwangu kulikuwa na mtu anateseka. Mume wangu ni Yanga wa kuzaliwa. Yusuf Manji, mwenyekiti na mfadhili wao, alipoondoka 2017, klabu yao iliyumba kifedha, ikafika mahali mashabiki wanachangishwa ili timu iendelee, na sisi mtaani tukaita kutembeza bakuli. Yeye alichanga. Mtu mwenye mshahara wa udereva alikuwa anatuma elfu mbili, elfu tano, kwa timu iliyokuwa inafungwa. Leo najua kwamba huo ndio ulikuwa ushabiki. Wakati ule niliona ni udhaifu.

Julai 12, 2020 tulikutana nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Simba 4, Yanga 1. Mume wangu alikuwa sebuleni na wageni wawili, kaka yake na rafiki yake wa kazini. Nikaingia jikoni, nikachukua bakuli la bati, nikatia ndani sarafu ya shilingi mia, nikampa mwanangu, wakati huo ana miaka sita, nikamwambia: "Mpelekee baba, mwambie mchango wetu huu." Mtoto akaenda akaliweka mezani mbele ya wageni, akasema kama nilivyomfundisha. Wageni walicheka. Mume wangu aliitoa ile sarafu, akampa mtoto akanunue pipi, akaendelea na maongezi yake. Hakunisema usiku ule wala kesho yake.

Utani wa jadi ni mali yetu, na sitaki mtu adhani nausema vibaya. Simba na Yanga bila utani ni chai bila sukari. Lakini utani una mipaka yake, na mpaka mmojawapo ni mtoto. Ukimtuma mtoto akamdhalilishe mzazi wake, umemfundisha kwamba timu ikifungwa mtu anakuwa duni. Siku yenu ikifika, mtoto atajiona duni yeye.

Siku yetu ilianza kuja polepole. Agosti 2021 tuliwauza wachezaji wawili waliokuwa wanaubeba ushambuliaji wetu, Miquissone akaenda Al Ahly na Clatous Chama akaenda RS Berkane ya Morocco. Msemaji wetu Haji Manara, ambaye sauti yake ndiyo iliyokuwa inatuamsha, akahamia Yanga mwezi huohuo. Nikasema hakuna shida, Simba ni kubwa kuliko mtu. Oktoba 24 Jwaneng Galaxy ya Botswana wakaja kwa Mkapa. Tulikuwa tumeshawafunga 2-0 kwao. Tukaongoza 1-0. Wakarudi kipindi cha pili wakafunga matatu, jumla 3-3, tukatolewa kwa kanuni ya bao la ugenini: jumla ikilingana, anapita aliyefunga mengi ugenini.

Niliangalia mechi ile kwenye kibanda umiza. Watu walikaa kimya kana kwamba umeme umekatika. Hapo ndipo kitu kilibadilika ndani yangu, na sikukitambua mapema. Nilianza kuidai timu. Zamani nilikuwa naiombea, sasa nikawa naidai, kama mtu niliyemkopesha kitenge akapotea njia. Nilihisi kuna mtu ameniibia. Kila sare ilikuwa wizi. Msimu ule Yanga walichukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja, na Mei wakatutoa nusu fainali ya kombe kule Kirumba, Mwanza, kwa bao moja la Feisal Salum. Sisi Kombe la Shirikisho la Afrika tulitolewa robo fainali na Orlando Pirates kwa penalti. Nikasema ni mwaka mmoja tu, kupepesuka si kuanguka.

Msimu uliofuata niliingia kwenye tabia ambayo nawaonya wenzangu waiangalie sana. Nilianza kuishi kwa majanga ya Yanga. Novemba 2022 Ihefu iliwafunga 2-1, ikawakatia mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nilinunulia soda meza nne za jirani pale sokoni. Nikikumbuka, hakuna bao la Simba msimu ule lililonifurahisha kama lile la Ihefu. Halafu Juni 2023 Yanga wakacheza fainali ya Shirikisho la Afrika na USM Alger. Walikuwa wamefungwa 2-1 nyumbani, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, na bado wakakosa kombe kwa bao la ugenini. Kanuni ileile iliyotuumiza na Jwaneng. Mume wangu alilia, machozi kabisa, mtu mzima. Mimi nilikuwa jikoni nimejifunika kanga mdomoni nisisikike nikicheka.

Mtu wa pekee katika nyumba ile aliyejua maumivu yale yanavyokata alikuwa mimi. Ningeweza kumwambia pole. Sikumwambia.

Ukijikuta unajua ratiba ya mtani kuliko ratiba yako, ujue umeshatoka kwenye mpira na kuingia kwenye kitu kingine. Kinachosha, na hakishibishi, maana mtani akishinda unaumia mara mbili: kwa yako na kwa yake. Mimi nilijitoa humo kwa kujizuia mwezi mzima nisitazame mechi ya Yanga hata moja isipokuwa ile inayotuhusu. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Baadaye nikashangaa nimepata jioni nyingi za bure.

Mwili nao ulikuwa unaniambia. Aprili 28, 2023 tulikuwa Casablanca, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na Wydad. Tulishinda 1-0 nyumbani, tukafungwa 1-0 kwao, ikaenda penalti, tukakosa. Mwaka wa pili mfululizo tunatolewa robo fainali kwa penalti, na zote mbili kwa 4-3. Usiku ule kichwa kiliniuma upande mmoja mpaka jicho likawa linaona ukungu. Asubuhi kwenye zahanati muuguzi alipima presha akarudia kupima, akaniuliza kama nimepata msiba. Nilimwambia ndiyo. Tangu siku ile natumia dawa, na siku ya mechi kubwa nakunywa mapema, nakula kabla ya mpira kuanza, na penalti sitazami tena. Natoka nje nasubiri sauti ya mtaa. Kama una presha au una mzazi mwenye presha anayependa mpira, msilione hili dogo.

Sasa nirudi Novemba 2023.

Nilikuwa nimejiaminisha kwamba huu ndio mwaka. Agosti tulikuwa tumechukua Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Tanga, kwa penalti mbele ya Yanga, kijana Ally Salim akapangua mikwaju mitatu. Oktoba tukafungua michuano mipya ya African Football League kwa sare ya 2-2 na Al Ahly, uwanja umejaa. Nikasema lazima mwanangu aione dabi kwa macho yake. Fedha sikuwa nazo. Biashara ilikuwa imelala na nilikuwa nimeshalipa ada. Nikaenda kwenye kikoba chetu cha wanawake wa sokoni nikakopa laki mbili, riba asilimia kumi, nikasema ni za mtaji wa mzigo mpya. Huo ni uongo niliowaambia wanawake walioniamini.

Nauli ya basi kwenda na kurudi watu wawili, tiketi mbili za mzunguko, jezi mpya ya mtoto, chakula, daladala, zawadi kidogo ya kumpelekea dada. Nilirudi nyumbani na elfu kumi na nane. Mkopo ulinichukua miezi mitano kuumaliza, na mwezi mmoja nililipa kwa kuuza kitenge cha harusi yangu mwenyewe ambacho sikuwahi kukishona.

Kuhusu mechi yenyewe sina mengi. Yanga walipata bao mapema mno, tukasawazisha kwa Kibu Denis, uwanja ukalipuka, mwanangu akanirukia shingoni. Mapumziko 1-1. Kipindi cha pili yakaja manne. Waliokuwa wanaondoka walipita mbele yetu na sisi tukabaki tumekaa, kwa sababu nilikuwa nimewahi kumwambia mtoto kwamba Simba haondoki kabla ya filimbi. Kuna kitu wageni wa mpira wetu huenda hawakijui: Mei 6, 2012 tuliwafunga Yanga 5-0, na kwa miaka kumi na moja na nusu tulikuwa tunawanyooshea vidole vitano. Vile vidole tuliwafundisha sisi. Siku ile walivirudisha.

Usiku pale Mbagala sikulala. Saa saba nikaingia kwenye simu, nikaona picha ya mchezaji wetu mmoja, nikaandika chini yake maneno ambayo sitayarudia. Nilimtaja mama yake mzazi. Yalipendwa na watu mia tatu na zaidi kabla ya alfajiri, na kila nilipoona namba imeongezeka nilihisi nafuu kidogo. Asubuhi binti wa dada yangu, ana miaka kumi na sita, akaniletea chai akasema, "Mama mdogo, nimeona ulichoandika." Hakuongeza neno. Nilifuta, lakini picha za skrini zilikuwa zimeshazunguka. Kwa hiyo nina kanuni, na nawapa bure: siku ya kufungwa simu inabaki kwa mtu mwingine mpaka asubuhi. Usijiamini kwamba utasoma tu bila kuandika.

Halafu nikajitoa kwenye kundi la wasapi la tawi letu. Nilitoka kwa kishindo, na ujumbe mrefu wa kuwatukana viongozi. Kocha Robertinho alikuwa ameshaondoka siku chache baada ya mechi, lakini mimi nilitaka waondoke wote. Januari nikasikia sokoni, kwa mtu baki kabisa, kwamba mwenzetu mmoja wa tawi alifiwa na mama yake na ameshazika wiki iliyopita. Huyu ni mwanamke aliyekaa jikoni kwangu siku tatu wakati wa msiba wa baba. Tawi lote lilikwenda Kilosa, wamevaa kanga sare. Mimi sikuwepo kwa sababu nilikasirika juu ya mpira. Nilikwenda peke yangu kumpa pole, nimechelewa siku kumi. Alinipokea. Alisema, "Tulijua umekasirika." Ningependa angenigombeza.

Kama umechoka na kelele za kundi, zima sauti. Usijitoe. Tawi la mpira kwetu halikuanzishwa kwa ajili ya kushangilia tu. Ndilo linalobeba jeneza, ndilo linalochangia mgonjwa, na hayo hayasubiri timu irudi kwenye fomu.

Kosa la fedha nalo lilizaa mtoto. Nilijaribu kurudisha ule mkopo kwa kubeti. Mechi iliyofuata ya ligi ilikuwa na Namungo, nikaweka elfu thelathini Simba ashinde, nikijua kwa hasira watawachapa. Ikatoka sare. Mkeka ukachanika na wiki ile nyumbani tulikula maharage siku nne. Ukibeti timu yako, ikishinda hushangilii bao, unashangilia fedha. Ikishindwa unamchukia mchezaji kwa sababu mbili. Sijabeti tena, wala Simba wala nyingine.

Siku hizi kuna kibubu cha mpira nyumbani, kopo la maziwa lenye tundu. Kila wiki naingiza elfu moja, ikizidi elfu mbili. Safari inatoka humo au haitoki. Likiwa halijatosha, mpira ni redio. Na kwa wanawake wenzangu wa kikoba: nilisimama mbele yao Machi nikasema mkopo wangu ulikwenda wapi. Nilitozwa faini. Mmoja alisema mume wake alifanya hivyohivyo na bado anaficha.

Lakini la mtoto ndilo lililoniumiza zaidi.

Jumatatu tulirudi Morogoro. Njiani nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu: bakuli mezani, kaka yake mume wangu yupo, jezi ya njano na kijani ukutani. Tulipofika, kamba ya nguo ilikuwa tupu. Jezi yake, ambayo niliiacha nimeifua, alikuwa ameianua na kuiweka kabatini. Mezani kulikuwa na wali na mchicha, vimefunikwa. Akasema, "Karibuni. Mmekula?" Akamchukua mtoto begi. Mtoto akalivuta nyuma, kwa sababu jezi ilikuwa ndani.

Usiku nilimwambia mume wangu kuhusu swali la daladala. Alinyamaza muda mrefu. Akasema: "Lile bakuli sikukasirika kwa ajili ya Yanga. Nilikasirika kwa sababu ulimtuma yeye." Miaka mitatu na zaidi alikuwa amekaa nalo. Nilimwomba radhi, tena mbele ya mtoto siku ya pili, maana yeye ndiye aliyelibeba. Nilimwambia mtoto kwamba mama alikosea, na kwamba baba hakuwa mdogo siku ile na yeye hakuwa mdogo Jumapili. Sikujua kama ameelewa.

Wiki tatu baadaye mwalimu wake wa darasa aliniita. Mtoto hanyooshi mkono tena darasani. Anajua jibu, unaona kabisa anajua, lakini hanyooshi. Nilimuuliza nyumbani, alikataa kusema, mwisho akasema: akinyoosha mkono, wenzake wanahesabu vidole. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Darasa linacheka.

Nilikaa kitandani nikalia kama sijawahi kulilia mpira. Nikarudi kwa mwalimu nikamweleza. Hakuwapiga watoto wala hakuwahutubia. Alibadilisha namna ya kufundisha tu, badala ya kusubiri mikono akawa anataja majina kwa zamu. Baada ya muda mchezo ule ukafa wenyewe. Mzazi mwenzangu, ukiona mtoto amekuwa mpole shuleni baada ya timu kufungwa, usiseme ni mpira tu yatapita. Muulize. Na usimwambie maneno ya kujibu, kama mimi nilivyotaka kumfundisha kwanza ("waambie na sisi tuna robo fainali"). Hilo linamrudisha uwanjani wakati yeye anataka kutoka. Usimlazimishe kuvaa jezi, na usimkataze. Jezi yake ilikaa chini ya begi mpaka shule zilipofungwa, nikaitoa, nikaifua, nikaikunja nikaiweka kabatini bila kusema.

Tukaweka pia sheria ya nyumba, aliyeitunga ni mume wangu: hakuna utani mpaka chai ya asubuhi. Mechi ikiisha, aliyeshinda anasema pole, aliyefungwa anasema asante, basi. Asubuhi ukumbi uko wazi. Inafanya kazi kuliko nilivyodhani, kwa sababu ukilala, theluthi ya maneno uliyokuwa umeyaandaa unaona hayana haja.

Aprili 20, 2024 walitufunga tena, 2-1. Alisema pole. Nikasema asante. Niliweza.

Msimu ule tulimaliza wa tatu. Pointi 69, sawasawa na klabu ya Azam, wakatuzidi kwa mabao, na Ligi ya Mabingwa ikatuponyoka. Timu iliyozoea kuulizana itafika nusu fainali ya Afrika au la, ikawa inahesabu tofauti ya mabao kwa ajili ya nafasi ya pili. Mwezi ule ligi ilipoisha nilikwenda Turiani kumjulia hali mjomba wangu. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha sukari na ni Mtibwa Sugar damudamu. Mtibwa ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara 1999 na 2000. Ilibeba kombe la Azam 2018. Na mwaka ule, baada ya zaidi ya miaka ishirini ligi kuu, ilikuwa inashuka daraja.

Nilikwenda na maneno yangu ya kumfariji, nimeyapanga kwenye basi. Nilimkuta anashona kamba ya kiti chake kidogo cha kukunja, kile anachokwenda nacho Manungu, uwanja wa Mtibwa. Nikaanza, "Mjomba, poleni na timu." Akasema, "Ahsante mwanangu. Hivi Championship inaanza mwezi gani?" Hiyo ndiyo ligi ya chini walikokuwa wanashukia. Nikamwambia sijui. Akaniomba nimuulizie, kwa sababu alitaka kujua kama itagongana na kuvuna mpunga.

Tulikaa naye mpaka jua likazama, akanisimulia 1999 mechi kwa mechi. Hakukuwa na kudai ndani ya sauti yake. Ubingwa ule hakuugeuza hati ya deni ambayo timu inapaswa kumlipa kila mwaka. Aliupata, akaula, akashiba, akaendelea kwenda na kiti chake. Nilirudi Morogoro nikiwa na aibu, na pia nikiwa nimepumzika kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu.

Baada ya hapo nilianza kufuatilia vitu nilivyokuwa navipita. Nilijua kwamba Simba Queens ni mabingwa msimu uleule ambao mimi nilikuwa naomboleza. Wasichana wetu walikuwa wanabeba kombe la ligi, na 2022 walishafika nafasi ya nne Afrika, mimi niko sokoni nasema klabu imekufa. Nilianza kwenda Uwanja wa Jamhuri hapa mjini kuangalia mechi zozote, hata za madaraja ya chini, na mwanangu akaanza kuja. Kiingilio kidogo, unakaa karibu na uwanja, unamsikia kipa anavyopanga mabeki. Hakuna wa kumhesabia vidole.

Chama, aliyekuwa amesharudi kwetu kutoka Morocco, alihamia Yanga Julai 2024. Zamani ningechoma picha yake. Nilisikitika siku mbili, nikamshukuru moyoni kwa lile bao alilotufungia AS Vita 2019, nikafungua biashara.

Simba mpya ya kocha Fadlu Davids ilituchukua mpaka fainali ya Shirikisho la Afrika, Mei 2025. Tulifungwa 2-0 Morocco na RS Berkane, marudiano Zanzibar tukatoka 1-1. Kibubu hakikutosha safari ya boti, kwa hiyo tuliangalia nyumbani, mume wangu yupo, kanga nimeivaa. Berkane wakainua kombe kwenye Uwanja wa Amaan. Akaniambia, "Pole sana, mke wangu. Naijua hiyo." Nilijua anaongelea Algiers. Nikamwambia kitu nilichokuwa nimechelewa miaka miwili kukisema: pole na wewe.

Mtibwa walipanda tena mwaka huohuo. Mjomba alinipigia simu kuniuliza ratiba.

Na Juni 25 ikaja dabi iliyokuwa imeahirishwa tangu Machi, mechi ya mwisho ya kuamua bingwa. Yanga 2, Simba 0. Ubingwa wao wa nne mfululizo, idadi ileile tuliyokuwa nayo sisi. Mtaa wote ulikuwa njano na kijani mpaka usiku wa manane. Mume wangu alitoka kwenda kushangilia na wenzake, kabla ya kutoka akamshika mtoto kichwani akamwambia pole. Shule zilikuwa zimefungwa, na kesho yake mtoto alikuwa aje nami sokoni kunisaidia kupanga vitenge.

Nilikuwa nafunga dirisha aliposimama mlangoni. Ana miaka kumi na moja sasa, mrefu ameanza kunifikia bega. Mkononi alikuwa na ile jezi, imeshambana kidogo mikononi.

"Mama, nifulie hii sasa hivi ipate kukauka. Nataka kuivaa kesho."

Nikatia maji kwenye beseni.